Jiwe la Pembe Nane

"Binti yangu, wewe ni wa tatu."

Kasyoka alidhani amesikia vibaya. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umelala juu ya kitambaa cheusi cha mahameli, vidole vimetanuka, kama mkono wa mtu anayengoja kudungwa sindano. Hapo ndipo tulipomwacha wiki jana, ndani ya duka la sonara pale Biashara Street, na hapo ndipo alipo mpaka sasa.

"Wa tatu wa nini, Mama?"

Mama Amrit, mjane wa sonara Tarsem Singh, aliondoa lenzi jichoni. Alilishika lile jiwe kwa kibano, akaliweka taratibu juu ya mahameli, mbali kidogo na mkono wa Kasyoka.

"Hii jiwe naijua," alisema. "Mimi na mzee yangu, marehemu, ndio tulifunga kwa pete. Zamani sana. Pete ya bibi ya Bwana Kisilu. Yule alikufa."

"Nthiwa."

"Huyo. Alikaa kwa hiyo kiti yako. Alisema anataka duara, si kitu ingine."

Kasyoka alihisi kiti kikimchoma. Hakuinuka.

Kisilu alikuwa amemwambia kwamba jiwe alilinunua London, mwaka aliokwenda kusomea upimaji wa ardhi. Alimwambia hivyo akiwa amemshika vidole, siku ile ile aliyomwomba wafunge ndoa. "Jiwe ninalo, Kasyoka. Nenda kwa Mama Amrit uchague likatwe kwa umbo gani. Sitaki kukuchagulia. Chagua wewe."

Chagua wewe! Katika umri wa miaka thelathini na saba, hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwambia Kasyoka neno hilo. Lilimlewesha. Asubuhi ya leo alikuwa amekwenda Kenyatta Market kusukwa, akamwambia msusi amsuke vizuri kwa sababu anakwenda kuchagua pete. Msusi aliuliza anakwenda na nani. Kasyoka akasema anakwenda na dada zake.

Hakuwa na dada.

"Na wa pili?" aliuliza. Sauti ilitoka nyembamba. "Kama Nthiwa ni wa kwanza, mimi si wa pili?"

"Hapana. Yule marehemu mimi sihesabu." Mama Amrit alishusha sauti, kwa maana kwenye meza ya pili kulikuwa na bibi harusi mtarajiwa aliyekuja na mama yake, shangazi zake na bibi yake, wote wakibishana kwa vicheko juu ya bangili. "Nahesabu wale amewatuma hapa baada ya bibi kufa. Kwanza alituma mmoja, jina yake Philister. Mzuri, mpole. Alichagua umbo ya tone, kama chozi. Halafu akatuma ingine, mwalimu. Yeye alichagua ile ndefu ya ncha mbili, kama jani. Sasa wewe."

"Na mawe yao?"

"Mawe gani? Jiwe ni moja. Hii hii."

Jamani, kuna maneno ambayo mtu huyaelewa kwa tumbo kabla hajayaelewa kwa kichwa.

"Kila mara ni hivyo hivyo," Mama Amrit aliendelea. "Mwanamke anakuja, anachagua, anafurahi. Mimi nafunga jiwe kwa karatasi, nataka kutuma Bombay kwa fundi wa kukata. Halafu Bwana Kisilu anapiga simu. Anasema, ngoja. Anasema, bado kidogo. Halafu anakuja kuchukua jiwe yake, na yule mwanamke simwoni tena."

Kasyoka alitazama vioo vya mfano vilivyopangwa mbele yake. Kulikuwa na duara, tone, jani, moyo. Na kile alichokuwa amekichagua muda mfupi uliopita bila kusita: umbo refu la mstatili lenye pembe zilizopunguzwa hata zikawa nane, nyuso zake zikishuka ndani kwa ndani kama ngazi. Maumbo mengine yalimetameta na kupiga kelele. Hili lilitulia. Ulilitazama ukaona mpaka chini.

"Nani alikufundisha kuchagua hii?" Mama Amrit alikuwa amemuuliza mwanzoni. "Watu hawapendi. Haing'ai sana. Na haifichi kitu. Jiwe yako iko na doa ndogo pembeni. Kwa duara doa haionekani. Kwa hii itaonekana."

Naye Kasyoka alikuwa amejibu, "Basi lionekane."

Sasa alikaza taya. "Mama, kwa nini hukuwaambia wale wengine?"

Mama Amrit alikunja pembe ya kitambaa, akaikunjua.

"Kwa sababu hao walikuja na watu," alisema hatimaye. "Philister alikuja na mama yake. Mwalimu alikuja na rafiki. Nilisema moyoni, wakiumia watashikwa mkono. Wewe umekuja peke yako."

Kasyoka alitaka kusema kitu cha kujitetea. Kwamba alikuwa amemwomba Nzula, mwenzake wa kazini, akapata udhuru. Kwamba mama yake angekuwepo kama angekuwa hai. Kabla hajafungua kinywa, simu iliyokuwa ukutani nyuma ya kaunta ikalia.

Mama Amrit hakuinuka. Aliitazama simu, akamtazama Kasyoka.

Wasomaji wetu wa siku zote wanajua kazi ya Kasyoka. Anaunganisha simu katika hoteli moja kubwa katikati ya jiji. Kutwa nzima anawakutanisha watu na watu wao, kisha jioni anarudi kwenye chumba chake Dagoretti Corner, anafungua redio ili kuwe na mtu anayesema. Sauti ya mtu kwake ni kama uso. Hata Kisilu mwenyewe, Kasyoka alimjua kwa sauti kabla ya kumwona.

"Naweza kuishika mimi?" aliuliza.

"Shika."

Aliuinua mkono wa simu. Hakusema kitu. Upande wa pili kulikuwa na pumzi, na pumzi hiyo aliijua.

"Mama Amrit?" Kisilu alisema haraka haraka. "Amefika? Amechagua? Sikiliza, mwachie achague. Mkubalie chochote. Lakini lile jiwe lisiende kwanza. Liweke. Mimi nitapita kulichukua. Kuna jambo kidogo, bado kidogo tu..."

"Nimechagua pembe nane," Kasyoka alisema.

"Kasyoka?"

"Ndiyo."

"Nani amekupa... Niko hapa ofisini. Usiondoke. Nakuja sasa hivi. Tafadhali usiondoke!"

Na alikuja. Ofisi yake haikuwa mbali, lakini aliingia dukani akihema kama aliyekimbizwa, tai imegeukia begani. Kisilu Nzomo, mtu wa miaka hamsini, mpimaji ardhi anayeheshimika, mwenye nyumba Spring Valley na gari aina ya Peugeot iliyong'arishwa, alisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Wale shangazi wa meza ya pili walinyamaza, wakamtazama kwa shauku.

"Keti," Kasyoka alisema.

Aliketi.

"Philister," Kasyoka akasema. "Na yule mwalimu."

Kisilu alimgeukia Mama Amrit kwa jicho la lawama. Mama Amrit alimtazama vile vile alivyokuwa akimtazama tangu zamani, bila kupepesa.

"Kwa nini hukuniambia?" Kasyoka aliuliza.

"Nikuambie nini? Kwamba kila nikifika hapa nashindwa?"

"Ungenunua jiwe jingine. Dogo. Hata pete bila jiwe ningeivaa."

"Nilitaka kukupa kitu ninachokipenda kuliko vyote."

"La. Ulitaka kujua kama utaweza kukiachia. Umetupima sisi watatu. Sisi tulikuwa tunakuja hapa tukifikiri tunachagua pete!"

Kisilu aliinamisha kichwa. Mikono yake mikubwa, iliyozoea kushika ramani na minyororo ya kupimia, ilisogea juu ya mahameli mpaka kando ya jiwe.

"Nyumba ile ni kubwa mno," alisema polepole. "Hujui. Narudi jioni, nawasha taa za kila chumba. Naongea na jiwe hili, Kasyoka. Naliweka mezani nikila. Nikisema nilikate, naona kama ninamzika tena, na safari hii nimeshika jembe mimi mwenyewe."

Naapa kwamba kama wewe ungekuwa pale ungemhurumia. Kasyoka alimhurumia. Na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake kubwa, kwa sababu alijua habari ya kula peke yako. Aliijua kuliko mtu yeyote mle dukani. Alikuwa na redio yake kama Kisilu alivyokuwa na jiwe lake.

Akasimama. Akachukua mkoba.

"Lichukue jiwe lako. Mimi narudi kwangu."

Alikuwa ameushika mlango aliposikia nyuma yake:

"Mama Amrit, likate."

Aligeuka.

Kisilu alikuwa amelisukuma jiwe kwa kidole kimoja mpaka upande wa pili wa meza.

"Pembe nane?" Mama Amrit aliuliza.

"Alivyochagua yeye."

"Bwana Kisilu, sikia mimi. Hii jiwe ni duara, na nene. Kupata hiyo umbo, karibu nusu itakuwa vumbi. Ikikatwa, hakuna kurudisha. Hata wewe hutaijua tena."

"Nimesema likate!"

Mama Amrit alimwita kaka yake Gurmeet kutoka chumba cha nyuma. Gurmeet alikuwa na safari ya Bombay usiku huo huo. Jiwe likafungwa katika karatasi nyeupe, karatasi ikaingizwa katika kijaluba cha chuma, kijaluba kikaingia mfuko wa ndani wa koti la Gurmeet. Yakaisha.

Kisilu alimshika Kasyoka mkono mbele ya wale shangazi. "Twende nyumbani," alisema. "Twende ukaone nyumba yako."

Shangazi mmoja alipiga makofi. Kasyoka alitabasamu. Alikuwa ameshinda, au sivyo? Mbona basi mkono wa Kisilu ulikuwa wa baridi namna ile, umelegea ndani ya mkono wake kama glavu isiyo na mtu?

Wakapanda gari lake.

Spring Valley ilikuwa kimya kama kawaida yake, ua baada ya ua, mbwa mmoja akibweka kwa mbali. Mpishi alikuwa amepewa ruhusa. Kisilu alimwonyesha sebule, akamwonyesha ukumbi, akapita haraka mlango mmoja uliofungwa. Kisha akaenda kuketi barazani nyuma ya nyumba, akiangalia bustani.

"Nikupikie chai?" Kasyoka aliuliza.

"Haya."

"Sukari kiasi gani?"

"Kama siku zote," alijibu bila kugeuka.

Kasyoka hakuwa amewahi kumpikia chai Kisilu hata siku moja.

Jikoni alitafuta sufuria, akatafuta kiberiti, akafungua kabati baada ya kabati. Kila kitu kilikuwa mahali pake, mahali palipochaguliwa na mtu mwingine. Chujio lilining'inia kwenye msumari uliopigiliwa chini, kwa kimo cha mwanamke mfupi kuliko yeye. Maziwa yalipoanza kupanda alijikuta analia, na hakujua analilia nani. Alikuwa amepata nyumba, amepata mume, jiwe limekwenda kukatwa vile alivyotaka. Na ndani ya nyumba yenye watu wawili alikuwa mpweke kuliko alivyowahi kuwa Dagoretti Corner, maana kule angalau upweke ulikuwa wake peke yake, haukuwa wa kurithi.

Alijipangusa kwa kanga iliyotundikwa mlangoni. Kisha akatambua kanga hiyo ilikuwa ya nani, akairudisha haraka.

Ndipo aliposikia gari likiwashwa.

Alikimbilia barazani. Kiti kitupu. Alikimbilia mbele ya nyumba. Askari alikuwa anafunga lango, na Peugeot ilikuwa inaishia kwenye kona, vumbi jekundu likiifuata.

"Amekwenda wapi?" Kasyoka alipaza sauti.

"Hakusema, mama. Amekwenda mbio tu!"

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Kasyoka alirudi ndani, akazima jiko, akaketi kwenye kiti kilichokuwa ukumbini kando ya simu. Alikaa hapo muda mrefu, mikono mapajani. Mwishowe akazungusha namba ya duka.

"Mama Amrit, ni mimi. Gurmeet yuko hapo?"

"Ametoka. Anapitia nyumbani Parklands kuchukua sanduku, halafu uwanja wa ndege. Kwa nini? Uko wapi?"

"Niko Spring Valley. Kisilu ameondoka na gari."

"Hai! Ngoja." Kukawa na kishindo cha mlango, kiti kikasukumwa. Kasyoka alisikia sauti ya mwanamume, ya juu, iliyokatikakatika. Mama Amrit alirudi kwenye simu akinong'ona. "Yuko hapa. Anauliza Gurmeet amepita njia gani. Macho yake mekundu. Binti yangu, nimwambie, nisimwambie?"

Sema uongo, moyo ulimwambia Kasyoka. Sema ndege imekwisha ondoka. Neno moja tu, na kesho kutwa fundi wa Bombay atalipitisha lile jiwe kwenye gurudumu lake, na duara la Nthiwa litakuwa vumbi sakafuni. Nani angejua?

"Mwambie ukweli," alisema. "Halafu umpe simu."

Alisubiri. Pumzi ile ile ikaja.

"Kasyoka, usikasirike, mimi..."

"Nisikilize. Mimi nimezoea kuunganisha watu, wakimaliza nakata laini, basi. Leo nataka nisikilizwe mimi." Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Muda unao. Ukienda uwanja wa ndege utampata Gurmeet, atakupa jiwe lako, na mimi sitakulaumu. Nitaosha sufuria hii, nitafunga mlango, nitampa askari funguo. Hutanitafuta. Lakini ukirudi hapa, urudi mikono mitupu, na uje ukiniona mimi. Mimi Kasyoka. Nakunywa chai bila sukari. Hujawahi kuuliza."

Akauhamishia mkono wa simu sikio la pili.

"Umenisikia?"

Kisilu aliendelea kuhema. Kisha laini ikakatika, naye Kasyoka hakujua ni Kisilu aliyeikata au ni mitambo.

Alirudi jikoni. Aliwasha jiko tena, akaipasha chai moto, akatoa vikombe viwili akaviweka kwenye sinia. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya miti ya jirani. Alijiambia asisikilize barabara, lakini masikio yake hayakufundishwa kazi nyingine. Lori likapita. Pikipiki ikapita. Mtu akapita akiimba peke yake.

Kisha akasikia ile injini.

Askari alivuta lango. Matairi yakasaga kokoto. Kasyoka alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Ilikuwa mapema mno! Mtu hawezi kwenda uwanja wa ndege na kurudi Spring Valley kwa muda mfupi hivyo, hata arushe gari. Hakwenda! Amerudi! Aliona machozi yakimlenga tena, lakini haya yalikuwa ya aina nyingine, na alicheka peke yake mle jikoni kama mwendawazimu, akizirekebisha nywele zake mpya kwa kiganja.

Mlango wa gari ukafungwa.

Kisha ukafungwa mwingine.

Kasyoka aliacha kucheka.

Nyayo za watu wawili zilipanda ngazi za mbele. Za Kisilu alizijua. Nyingine zilikuwa nzito, za kuburuta, na fimbo iliyogonga saruji kila hatua. Mlango mkubwa ulifunguka, na sauti ya mwanamke mzee, kavu, isiyo na haraka, ikajaa ukumbini:

"Yuko wapi huyo aliyeamuru jiwe la binti yangu likatwe?"

"Mama, nakuomba," Kisilu alisema. "Nimekuchukua kwa sababu..."

"Sikukuuliza wewe. Nimeuliza yuko wapi."

Mama yake Nthiwa!

Mlango wa nyuma wa jikoni ulikuwa wazi. Nje yake kulikuwa na kinjia, na kinjia kilifika langoni. Mkoba wa Kasyoka ulikuwa pale pale juu ya kabati. Angeweza kuwa Dagoretti Corner kabla ya giza kuingia.

Fimbo ilikuwa inakaribia.

Kasyoka alifungua kabati, akatoa kikombe cha tatu, akakiweka kwenye sinia.

"Niko huku jikoni, Mama," aliita.